Mashine ya Kukatia Majani Isiyokusanya Majani

1. Majani ni mali

Majani yaliyokatwa uwanjani si takataka. Ni chakula cha ng'ombe na mbuzi. Ni matandazo ya kufunika udongo shambani. Yakichanganywa na majani makavu na samadi, huoza yakawa mboji.

Wakulima wa Kilimanjaro wanalijua jambo hili tangu zamani. Ng'ombe wao hulishwa zizini. Akina mama hutoka mbali na mizigo ya majani kichwani ili ng'ombe wale. Wakulima wa Kagera nao hukata nyasi katika mbuga wakazitandaza chini ya migomba. Watu hawa hawaoni majani kuwa uchafu. Wanajua kwamba yana jasho ndani yake.

Sasa tutazame shule zetu, zahanati zetu na viwanja vyetu vya mpira. Katika sehemu nyingi majani hukatwa kwa fyekeo. Lakini sehemu nyingine zina mashine ya kukatia majani. Mara nyingi mashine hiyo ni ya zamani. Inanguruma, inakata, lakini haikusanyi. Mfuko wake wa nyuma unabaki mtupu. Majani yanabaki chini kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi.

Hapo watu hupata hasara tatu. Kwanza, wanafunzi au wafanyakazi hutumia saa nyingi kuyakusanya kwa mikono. Pili, majani yakiachwa hunyauka na kuoza palepale, na ng'ombe hapati kitu. Tatu, kamati huambiwa, "Mashine imekufa, tununue nyingine." Fedha nyingi hutoka, kumbe mashine ilihitaji kusafishwa tu.

Katika somo hili tutajifunza kwa nini mashine haikusanyi majani, na jinsi ya kuitengeneza. Kazi nyingi zinaweza kufanywa hapa hapa kijijini kwa spana, tupa, brashi ya waya, sabuni na maji.

2. Mashine hii inafanyaje kazi?

Mashine ya kwanza ya kukatia majani ilibuniwa Uingereza mwaka 1830. Aliyeibuni aliitwa Edwin Budding. Alikuwa fundi karibu na mji wa Stroud. Huko kulikuwa na viwanda vya nguo, na ndani yake mashine za kunyoa manyoya ya kitambaa ili kiwe laini. Budding aliona kwamba chombo kinachonyoa kitambaa kinaweza pia kunyoa majani. Mashine yake ilisukumwa kwa mikono. Visu vyake vilizunguka kama gurudumu.

Mashine nyingi tunazoziona leo ni za aina nyingine. Zina injini ya petroli juu. Chini ya injini kuna kifuniko cha chuma kilichoinama kama bakuli lililopinduliwa. Ndani ya bakuli hilo kuna kisu kimoja kirefu. Kisu hulala kama panga la feni. Injini hukizungusha kwa kasi kubwa. Somo letu linahusu mashine ya aina hii.

Tazama kisu hicho kwa makini. Ncha zake mbili zina makali upande wa mbele. Upande wa nyuma wa kila ncha, chuma kimekunjwa kuelekea juu. Sehemu hiyo iliyokunjwa tutaiita bawa. Kisu kina mabawa mawili.

Makali yana kazi moja: kukata. Mabawa nayo yana kazi yake: kuvuta upepo. Kisu kinapozunguka, mabawa huvuta hewa kutoka chini na kuipeleka juu. Hewa hiyo huyasimamisha majani ili yakatwe vizuri. Halafu huyabeba majani yaliyokatwa. Huyazungusha ndani ya bakuli, huyapitisha katika mdomo wa nyuma, na kuyaingiza mfukoni.

Basi kumbuka neno hili: majani husafiri kwa upepo. Mfuko hauyavuti majani. Mfuko huyapokea tu. Upepo ukipungua, majani hayafiki. Huanguka njiani.

Anayepepeta mpunga anajua jambo hili. Upepo ukiwepo, makapi huruka. Upepo ukikata, makapi huanguka mahali pamoja na mpunga.

Upepo nao una masharti mawili. Ni lazima upate pa kuingilia, na ni lazima upate pa kutokea. Jaribu kupuliza ndani ya chupa tupu. Pumzi yako hurudi usoni, kwa sababu chupa haina tundu la pili. Mfuko wa mashine ukiziba unakuwa kama chupa hiyo. Hewa haitoki, na kwa hiyo majani hayaingii.

3. Hesabu ya kutufanya tuwe waangalifu

Kabla ya kugusa mashine, tufanye hesabu pamoja.

Tuseme kisu kina urefu wa sentimita 46. Kikizunguka mara moja, ncha yake husafiri sentimita 46 mara 3.14. Jibu ni karibu sentimita 144, yaani mita 1.44.

Injini ya mashine hizi huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Dakika ina sekunde 60. Kwa hiyo kisu huzunguka mara 50 kwa sekunde moja.

Zidisha 1.44 kwa 50. Ncha ya kisu husafiri mita 72 kwa sekunde moja. Kwa saa moja ni karibu kilomita 260.

Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa tunaliogopa barabarani. Ncha ya kisu hiki huenda mara tatu ya mwendo huo. Jiwe dogo likipigwa na kisu hutoka kama risasi. Kidole kikiguswa hakibaki.

Kwa hiyo fuata masharti haya kila mara:

(a) Zima injini. Subiri kisu kisimame kabisa. Subiri injini ipoe.

(b) Vua waya wa plagi. Uweke mbali na plagi, usije ukarudi wenyewe. Usiache sharti hili hata siku moja. Injini iliyozimwa bado inaweza kuwaka. Ukikizungusha kisu kwa mkono unaizungusha injini. Kama petroli imebaki ndani, inaweza kushika moto na kisu kikaruka.

(c) Toa petroli kwenye tangi na uiweke katika chombo chenye kifuniko. Usivute sigara. Usiwe karibu na jiko wala kibatari.

(d) Ukiinamisha mashine, upande wenye chujio la hewa na kabureta uwe juu. Ukiuweka chini, oili itaingia katika chujio na petroli itamwagika.

(e) Weka jiwe au gogo ili mashine isianguke. Watoto wakae mbali.

4. Tafuta ugonjwa

Mganga mzuri huuliza kabla ya kutoa dawa. Fundi naye afanye hivyo. Anza na mambo yasiyo na gharama. Usianze kufungua injini. Sababu ziko sita. Zifuate moja baada ya nyingine.

Sababu ya kwanza: Majani yenyewe

Majani yenye umande ni mazito. Hushikana na kuwa mabonge. Upepo hauwezi kuyabeba. Basi usikate alfajiri wala baada ya mvua. Subiri jua likaushe umande.

Majani marefu nayo huijaza mashine kuliko uwezo wake. Kanuni nzuri ni hii: kata theluthi moja tu ya urefu wa majani kwa mara moja. Kama majani yana sentimita 12, kata sentimita 4, yabaki 8. Rudi baada ya siku chache ukate tena. Kama uwanja umekuwa pori, fyeka kwanza kwa fyekeo, kusanya, kisha leta mashine.

Tazama pia kimo cha mashine. Magurudumu yakiwekwa chini sana, bakuli hugusa ardhi na hewa haipati pa kuingilia. Inua magurudumu tundu moja au mawili. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Sababu ya pili: Mfuko umeziba

Toa mfuko. Uinue kuelekea jua. Je, unaona mwanga kupitia kitambaa? Weka mdomo karibu na kitambaa upulize. Je, pumzi inapita? Kama sivyo, matundu yake yamezibwa na vumbi na utomvu wa majani.

Ugeuze mfuko ndani nje. Ukung'ute, kisha uusugue kwa brashi, sabuni na maji. Uanike mpaka ukauke kabisa. Mfuko mbichi huziba upesi kuliko mfuko mkavu.

Je, mfuko umechanika? Ushone, lakini chagua kitambaa kwa busara. Mfuko una kazi mbili. Hukusanya majani, na pia humkinga anayesukuma asipigwe na mawe. Ukishona kwa nailoni isiyopitisha hewa, majani hayataingia. Ukishona kwa wavu wa vitunguu, mawe yatapita. Kiraka kizuri ni kitambaa kigumu kinachopitisha hewa, kama gunia zito la katani. Kiraka kiwe kidogo, nyuzi ziwe imara.

Usingoje mfuko ujae mpaka mdomoni. Mfuko uliojaa hauna nafasi ya hewa. Umwage ukifika karibu robo tatu.

Sababu ya tatu: Mdomo umeziba au haukutani na mfuko

Mdomo ni njia ya majani kutoka kwenye bakuli kwenda mfukoni. Majani mabichi hukwama hapo. Yakikauka huwa magumu kama tope la ukuta. Zima injini, vua waya wa plagi, kisha yatoe kwa kijiti. Usitumie mkono, hata kama injini imezimwa. Mazoea mabaya huanza siku ambayo hakuna lililotokea.

Kisha rudisha mfuko na uangalie mahali unapokutana na mdomo. Je, kuna mwanya? Ndoano zimepinda? Kama upepo unatorokea kwenye mwanya, majani yataanguka hapo. Dalili yake ni mstari wa majani nyuma ya mashine. Nyoosha ndoano. Kama fremu ya mfuko imepinda, inyooshe taratibu.

Kwenye mdomo kuna kifuniko chenye springi. Kifuniko hicho hujifunga mfuko unapotolewa, ili mawe yasimfikie mtu. Wengine hukifunga juu kwa waya ili wakate bila mfuko. Usifanye hivyo kamwe.

Sababu ya nne: Bakuli limejaa uchafu

Inamisha mashine kama tulivyojifunza, chujio la hewa likiwa juu. Tazama ndani ya bakuli. Mashine ya zamani huwa na tabaka nene la majani yaliyogandamana. Tabaka hilo hupunguza nafasi ya upepo kuzunguka. Tena hushika maji na kuozesha chuma.

Likwangue kwa kipande cha mti au bati lisilo na ncha kali. Malizia kwa brashi ya waya. Ukitumia maji, usiyarushe kwenye injini. Acha bakuli likauke, kisha lipake oili kidogo ili kutu isishike.

Je, umeona tundu lililoliwa na kutu? Tundu dogo juu ya bakuli hutorosha upepo, na jiwe linaweza kupitia hapo. Weka kiraka cha chuma kigumu, si bati la debe. Fundi wa kuchomelea anaweza kukishika. Lakini injini na tangi la petroli vitolewe kwanza na kuwekwa mbali. Kuchomelea karibu na petroli ni kuita moto. Kama bakuli limeoza pande zote, hata chuma kinabonyea kwa kidole, mashine hiyo imestaafu. Usiitumie.

Sababu ya tano: Kisu

Hapa ndipo penye siri kubwa, basi tukae kidogo.

Tazama mabawa. Je, bado yamesimama? Mchanga hula chuma. Katika viwanja vyenye vumbi, bawa huliwa kidogo kidogo. Makali yanaweza kuwa mazuri na bawa likawa limekwisha. Kisu cha namna hiyo kitakata vizuri, lakini hakitakusanya. Tazama hasa mahali bawa linapoanzia. Ukiona mfereji, wembamba au ufa, kisu hicho kimekwisha. Kitupe. Usikichomelee. Kipande kikikatika katika mwendo ule tuliouhesabu, kinaweza kuua.

Tazama pia kama kisu kimefungwa kichwa chini. Kosa hili hutokea mara nyingi baada ya kunoa. Mabawa lazima yatazame juu, kwenye bakuli, si chini kwenye ardhi. Yakitazama chini, upepo unasukumwa ardhini. Majani hulala badala ya kusimama. Mashine itatafuna majani, itanguruma, na mfuko utabaki mtupu.

Sasa jambo la tatu. Kisu cha dukani kikivunjika, wengine humwomba fundi afue kingine kwa chuma cha springi ya gari. Fundi hufua kisu kilichonyooka, chenye makali mazuri. Majani yanakatwa, na kila mtu anasifu. Baada ya wiki wanauliza mbona mfuko haujai. Jibu ni rahisi: kisu hicho hakina mabawa. Ni panga tu, si feni. Tena kina hatari. Chuma cha springi kikipashwa moto na kupozwa vibaya huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Fundi wetu ni hodari wa jembe na panga. Lakini kisu cha mashine kinunuliwe cha mashine hiyo, chenye urefu uleule na tundu lilelile.

Jinsi ya kutoa na kunoa kisu

(1) Hakikisha waya wa plagi umevuliwa. Vaa glavu nene au funga mkono kwa gunia.

(2) Weka kipande cha mti kati ya kisu na ukingo wa bakuli, ili kisu kisizunguke.

(3) Kabla ya kufungua, weka alama ya chokaa upande wa kisu unaotazama ardhi. Alama hiyo itakuokoa wakati wa kurudisha.

(4) Fungua boliti ya katikati kwa spana inayoenea sawasawa. Panga washa zake chini kwa mfuatano ulizotoka.

(5) Noa makali kwa tupa. Fuata mlalo wa zamani wa makali. Usiyafanye membamba kama wembe, yatapinda. Usiguse mabawa.

(6) Pima uzito wa pande mbili. Piga msumari ukutani, utundike kisu kwa tundu lake la katikati. Upande mmoja ukishuka, huo ni mzito. Upunguze kwa tupa kidogo kidogo, mpaka kisu kilale sawa. Kisu kisicho sawa hutetemesha mashine, hulegeza boliti na kuharibu injini.

(7) Rudisha kisu. Alama ya chokaa itazame chini, mabawa yatazame juu. Rudisha washa kwa mfuatano wake. Kaza boliti kwa nguvu.

Sababu ya sita: Injini imechoka

Upepo hutokana na mwendo. Injini ikizunguka polepole, mabawa hayavuti. Sikiliza sauti. Je, inanguruma vizuri mahali peupe, kisha inazama ikifika kwenye majani?

Anza na chujio la hewa. Injini ni kama mtu, haifanyi kazi bila kupumua. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe, litiwe matone machache ya oili na kukamuliwa. Chujio la karatasi ligongwe polepole ili vumbi litoke. Likiwa jeusi, nunua jingine. Usiliondoe ukaendesha bila chujio, vumbi litaila injini.

Angalia oili, kama ipo na kama ni safi. Petroli iliyokaa miezi mingi imwage katika chombo, tia mpya. Sugua plagi kwa brashi ya waya. Angalia pia waya wa kuongezea mwendo. Mashine ikizeeka, waya huo hulegea. Mkono unaonyesha mwendo mkubwa, kumbe injini iko katikati. Ukaze waya huo.

Lakini usichezee springi inayozuia injini isizidishe mwendo. Springi hiyo imewekwa kiwandani kwa ajili ya usalama. Injini ikipita mwendo wake, kisu kinaweza kupasuka. Kama umefanya yote na injini bado ni dhaifu, sasa mpeleke fundi wa injini.

5. Jaribio

Tangulia uwanjani. Okota mawe, mifupa, vyuma na chupa. Vaa viatu vilivyofunika miguu, si kandambili. Watu wakae mbali, hasa watoto.

Rudisha petroli na waya wa plagi. Funga mfuko. Washa, acha injini ipate moto. Kata mstari mmoja wa hatua 20 mahali penye majani makavu na mafupi. Zima. Tazama nyuma yako.

Kama mstari ni safi na mfuko una majani, umefaulu. Kama majani yako pembeni mwa mashine, tazama tena kimo cha magurudumu. Kama yako nyuma chini ya mfuko, tazama mwanya wa mdomo. Kama yako mfukoni lakini karibu na mdomo tu, mfuko hautoi hewa au mwendo ni mdogo.

6. Tuyatumie majani

Sasa mfuko umejaa. Tusiyatupe majani yetu.

Kwa ng'ombe: Mpe majani mabichi siku ileile, kidogo kidogo, pamoja na malisho yake ya kawaida. Majani yaliyokatwa vipande vidogo yakirundikwa hupata moto upesi na kuchacha. Ingiza mkono ndani ya lundo. Ukisikia joto, usimpe ng'ombe. Usimpe pia majani yaliyomwagikiwa petroli au oili, wala ya mahali palipopigwa dawa ya kuua magugu. Punda usimpe kabisa majani ya mashine. Huyameza upesi na kuumwa tumbo vibaya.

Kwa shamba: Tandaza tabaka jembamba, sentimita 3 hadi 5. Liache likauke kabla ya kuongeza jingine. Usiliegemeze kwenye shina la mgomba au mkahawa, linaweza kuozesha shina. Matandazo huzuia jua lisikaushe udongo, na mvua isiusombe. Majani yenye mbegu usiyatandaze katika bustani ya mboga, utapanda magugu kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa mboji: Majani mabichi peke yake hushikana na kunuka. Changanya debe moja la majani mabichi na madebe mawili ya majani makavu au mabua. Ongeza samadi. Geuza lundo baada ya wiki mbili.

Shule yenye bustani, mashine nzima na watu wanaojua kuitunza haihitaji kununua mbolea nyingi. Mtunza uwanja, mwalimu wa bustani na mfugaji wa jirani wakae pamoja wapange siku ya kukata. Hapo kila mfuko utakuwa na mwenyewe kabla haujajaa.

7. Mambo ya kukumbuka

– Majani husafiri kwa upepo.
– Upepo hutokana na mabawa ya kisu na mwendo wa injini.
– Hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea.
– Anza na majani na mfuko. Malizia na injini.
– Vua waya wa plagi kabla ya kuweka mkono chini ya mashine.
– Kisu chenye ufa hakichomelewi. Hutupwa.

8. Maneno ya kujifunza

Bawa: sehemu ya kisu iliyokunjwa kuelekea juu ili kuvuta hewa.
Chujio: kitu kinachozuia uchafu na kupitisha hewa au maji.
Kabureta: sehemu ya injini inayochanganya petroli na hewa.
Matandazo: majani yanayofunika udongo shambani.
Mboji: mbolea ya majani yaliyooza.
Plagi: kitu kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini.
Tupa: chombo cha chuma cha kunolea.

9. Maswali

1. Taja hasara tatu za mashine isiyokusanya majani.
2. Kisu kina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Ni zipi, na kila moja hufanya nini?
3. Kwa nini mfuko ulioziba haupokei majani?
4. Kwa nini tunavua waya wa plagi hata kama injini imezimwa?
5. Utajuaje kwamba kisu kimefungwa kichwa chini?
6. Kisu kilichofuliwa kwa springi ya gari kina makosa gani mawili?
7. Hesabu: Kisu kina urefu wa sentimita 50. Kinazunguka mara 50 kwa sekunde. Ncha yake husafiri mita ngapi kwa sekunde?
8. Mazungumzo darasani: Katika kijiji chetu, majani yanayokatwa shuleni, zahanati na uwanjani huenda wapi? Nani angeweza kuyatumia? Pangeni siku, mtu wa kukata na mtu wa kuchukua. Andikeni mpango huo katika madaftari yenu.